Kuuzuru Mji wa Tukuyu kwa Miguu

Wasikilizaji wetu, apitaye Tukuyu kwa gari huona mvua, migomba na chai, akaenda zake. Lakini mji huu una habari nyingi, nazo huzipata aendaye kwa miguu pamoja na mwenyeji.

Kwanza twasimama penye boma la Wadachi. Hao walikaa kwanza Langenburg, kando ya Ziwa Nyasa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakahamia huku juu penye baridi, wakauita mji Neu Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Waingereza wakauteka mwaka 1916, na jina la Tukuyu ndilo lililodumu.

Kisha twaelekeza macho kaskazini, kwenye mlima Rungwe, wenye futi 9,700 na zaidi. Ulitoka moto zamani, na majivu yake ndiyo yaliyourutubisha udongo wetu. Chini yake Wamoravian walianza misheni mwaka 1891, kabla boma halijajengwa.

Lakini ni mikono ya nani iliyozisimamisha kuta hizi? Kuta hazisemi. Basi, wanafunzi, waulizeni babu zenu waliyoyasikia kwa baba zao, mkayaandike. Mzee akifa hajaulizwa, mgeni ataonyeshwa nyumba tupu.