Gari Limechemkia Wapi?

Fundi anayeijua kazi yake, akiletewa gari linalochemsha, huanza kwa kumuuliza dereva: limechemkia wapi? Kama linachemsha kwenye foleni ya Ubungo na kupoa barabara ikifunguka, ataanza na feni, kwa sababu gari likisimama hakuna upepo mwingine wa kuipoza rejeta. Kama mjini halina neno ila linachemsha likipanda Kitonga na mzigo, atashuku rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka.

Swali hilo ni la bure, na wengi hawaulizwi. Matokeo yake mtu anakwenda Kariakoo kununua rejeta iliyotumika, kumbe kilichoungua ni fyuzi ya feni.

Feni ya umeme haisumbui kupima. Injini ikiwa imewashwa, AC inafunguliwa. Kwenye magari mengi feni huanza kuzunguka papo hapo. Isipozunguka, fundi anaangalia fyuzi, anafuata relei, kisha anaipelekea mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka, mota haina kosa, na kinachotafutwa sasa ni nyaya au sensa.

Kifaa kinachoonewa kuliko vyote ni themostati, vali ndogo yenye nta ndani. Maji yakifika joto fulani, kwenye magari mengi kati ya nyuzi 82 na 88, nta inatanuka na kuyafungulia njia ya kwenda kwenye rejeta. Mafundi wengi huing'oa na kuitupa, eti nchi zetu zina joto, haina kazi. Huko ni kuharibu gari la mtu. Bila themostati injini inachelewa kufikia joto lake la kazi, inakula mafuta zaidi, na taa ya injini inaweza kuwaka kwenye dashibodi. Wakati kuipima kunahitaji sufuria ya maji na jiko tu: inatumbukizwa, maji yanapashwa moto polepole. Ikifunguka kabla maji hayajatokota, ni nzima. Ikibaki imefumba, inunuliwe nyingine.

Mfuniko wa rejeta nao usidharauliwe. Namba kama 0.9 au 1.1 iliyoandikwa juu yake ni kiwango cha mgandamizo unaoyazuia maji yasichemke yakifika nyuzi 100. Mpira wake ukichakaa, mgandamizo unapotea na maji yanachemka mapema.

Mshale wa joto ukipanda njiani, dereva azime AC, aegeshe, azime injini na kusubiri ipoe kabisa. Kufungua mfuniko wa moto kumewaunguza watu uso na mikono, na maji baridi yakimwagwa kwenye injini ya moto yanaweza kupasua hedi.

Dalili mbaya zaidi ni mafuta ya injini kugeuka rangi ya chai ya maziwa, au mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini inapowashwa ikiwa baridi na mfuniko wazi. Hapo gasketi ya hedi inashukiwa. Hedi ikifunguliwa, inawekewa rula ya chuma kuona kama imepinda, na ikiwa imepinda inasawazishwa kwa mashine kwanza, maana gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haidumu. Mwenye gari aombe kuwepo rula hiyo inapowekwa.