Homa Inayoondoka na Kurudi: Tumjue Papasi

Baada ya mkutano wa siku ya posho mama mmoja alituletea swali. Mdogo wake anayeishi Marekani aliumwa na kupe akiwa bustanini. Baada ya siku kadhaa akatokwa na duara jekundu mguuni, akaanza kuhisi homa na uchovu. Daktari akamwambia ni ugonjwa wa Lyme. Mama huyo aliuliza: "Na sisi huku, ugonjwa huo uko? Na dawa yake tutaipata wapi?"

Kupe wanaoeneza Lyme wanaishi kwenye misitu na majani ya nchi za baridi, hasa Marekani, Ulaya na sehemu za Asia. Huku kwetu Kongo si huo unaotusumbua. Lakini Lyme ina ndugu yake, wa ukoo mmoja wa mikrobe unaoitwa borelia, na huyo ndugu anakaa kwetu, ndani ya nyumba tunamolala. Ni homa ya papasi. Sehemu nyingine za Kongo mdudu huyu wanamwita kimputu. Homa yake inatibika kwa dawa za kawaida, lakini mara nyingi inapita bila kutambuliwa kwa sababu inafanana sana na malaria. Anayeumia zaidi ni mama mwenye mimba na mtoto aliye tumboni.

Papasi ni nani?

Papasi si kupe wa ng'ombe au wa mbwa, yule anayeshikilia ngozi kwa siku nyingi. Ana rangi ya udongo, ngozi yake ni ya mikunjo kama mfuko mdogo wa ngozi, na hana gamba gumu mgongoni. Mchana anajificha kwenye nyufa za ukuta wa udongo, kwenye vumbi la sakafu, au karibu na miguu ya kitanda. Usiku, watu wakilala, anatoka, ananyonya damu kwa muda wa nusu saa hivi, kisha anarudi kujificha. Mara nyingi aliyeumwa hasikii kitu. Ndiyo maana muuguzi akiuliza, "Umeumwa na mdudu?" wengi wetu tunajibu hapana.

Mdudu huyu ni mvumilivu. Anaweza kukaa miaka bila kula, akingoja mtu aje kulala. Tena papasi jike mwenye ugonjwa anaweza kuupitisha kwa watoto wake kupitia mayai. Kwa hiyo nyumba iliyokaa bila watu muda mrefu si salama kwa sababu tu ilikuwa tupu. Familia zilizokimbia vita na kulala katika nyumba za watu zinapaswa kulijua hilo.

Jambo hili liligunduliwa hapa hapa kwetu. Kati ya mwaka 1904 na 1905, madaktari wawili kutoka Liverpool, Joseph Dutton na John Todd, walifanya kazi mashariki mwa Kongo, wakaonyesha kwamba papasi ndiye anayepeleka homa hii kwa watu. Wote wawili waliambukizwa. Dutton alifariki Kasongo, Maniema, mwezi wa Februari 1905. Mikrobe ya homa hii inaitwa kwa jina lake mpaka leo: Borrelia duttonii.

Kwa nini inatudanganya

Homa inaanza ghafla, kama juma moja hivi baada ya kuumwa. Joto linapanda sana, mtu anatetemeka kwa baridi, kichwa na viungo vinauma, wengine wanatapika. Mama yeyote wa hapa atasema: malaria. Anampa mgonjwa dawa ya malaria ya siku tatu. Baada ya siku tatu mgonjwa anatoka jasho jingi na homa inaisha. Nyumba nzima inashukuru.

Lakini homa ya papasi hukaa siku tatu hivi halafu inaondoka yenyewe, hata bila dawa. Dawa ya malaria haikuigusa. Mikrobe zilizobaki zinabadilisha sura, mwili hauzitambui tena, na baada ya siku saba hivi homa inarudi. Inaondoka tena, inarudi tena. Hapo ndipo maneno yanapoanza: malaria imekuwa sugu, dawa ni ya uongo, au jirani amemroga mtoto. Familia inanunua dawa ya malaria mara ya tatu, mara ya nne, inauza mbuzi kumlipa mganga, na ugonjwa bado uko kwenye damu.

Kwa mama mwenye mimba hatari ni kubwa. Homa hii inaweza kutoa mimba, kuleta uchungu kabla ya wakati, au kumwambukiza mtoto kabla hajazaliwa. Katika utafiti mmoja wa vijijini Tanzania uliochapishwa mwaka 1997, karibu nusu ya mimba za wanawake waliougua homa hii zilipotea. Mama aliyepoteza mimba baada ya homa za kurudi-rudi asilaumiwe na mtu, wala asijilaumu. Apimwe.

Kaye na biki

Turudi kidogo kwa Lyme, kwa sababu kuna kitu tunaweza kujifunza kwa wamama wa huko. Lyme ni jina la mji mdogo wa Connecticut, Marekani. Huko aliishi mama mmoja, Polly Murray. Yeye na watoto wake waliugua miaka mingi: magoti kuvimba, vipele, uchovu. Kila daktari alitazama mgonjwa mmoja na kutoa jina tofauti. Mama Murray akaanza kuandika nani ameugua, lini, na dalili gani, kwake na kwa majirani. Mwaka 1975 yeye na mama mwingine wa eneo hilo walipeleka habari kwa ofisi ya afya. Daktari Allen Steere wa chuo kikuu cha Yale akatumwa kuchunguza. Mwaka 1981 mtaalamu Willy Burgdorfer akaiona mikrobe yenyewe ndani ya kupe.

Kaye ya mama ndiyo iliyofungua njia. Kwa homa ya papasi, kaye ina nguvu zaidi, maana ugonjwa huu unatambulika kwa tarehe zake. Chukua kaye ndogo ya shule na biki. Kila mtu wa nyumbani akishikwa na homa, andika hivi:

Tarehe 3: homa kali, baridi, kichwa.
Tarehe 6: jasho jingi, homa imeisha.
Tarehe 13: homa imerudi.

Andika pia dawa aliyopewa, mahali alipolala siku za karibuni, na kama ana mimba. Mama asiyejua kuandika amwombe mtoto wake wa shule. Mistari hiyo mitatu itamwambia muuguzi mengi kuliko sisi kusema tu, "Anaugua-ugua."

Tutibiwe wapi, na namna gani

Nenda kituo cha afya wakati homa iko juu, usingoje ishuke. Mikrobe zinaonekana kwenye damu wakati wa homa. Homa ikiisha zinakuwa chache mno kuonekana.

Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha TDR, hakiwezi kuonyesha borelia. Lakini kipimo cha zamani cha GE, damu ikipakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa mikroskopi, kinaweza kuionyesha: ni kama nyuzi nyembamba zilizojikunja. Ni kioo kile kile cha malaria. Anayepima anahitaji tu kuikumbuka. Kwa hiyo mwambie kwa heshima: "Homa hii inarudi kila baada ya juma, tarehe ziko hapa. Naomba mtazame pia borelia." Kama kituo hakina mikroskopi, omba barua ya kwenda hospitali kuu ya eneo lenu. Reko wa avenyu yenu anaweza kukusindikiza.

Dawa zipo na si za ajabu. Mtu mzima hutibiwa kwa doksisaikilini. Mama mwenye mimba na mtoto mdogo hawapewi hiyo. Wao wana dawa nyingine, kama eritromisini au sindano anazochagua mtaalamu. Kwa hiyo usigawane dawa na mgonjwa mwingine, wala usinunue vidonge viwili vitatu sokoni. Matibabu huchukua kama siku 7 hadi 10, na yanamalizwa hata kama nguvu zimerudi siku ya pili.

Jambo moja linawatisha wengi. Saa chache baada ya dawa ya kwanza, mgonjwa anaweza kutetemeka na joto kupanda kuliko mwanzo, na wengine presha inashuka. Ni kwa sababu mikrobe nyingi zinakufa kwa pamoja. Dawa haijamdhuru, inafanya kazi. Lakini hali hiyo inahitaji kuangaliwa. Dozi ya kwanza inywewe kituoni, na mgonjwa akae hapo saa kadhaa kabla ya kurudi nyumbani.

Na majani ya kienyeji? Tunawaheshimu wazee wetu. Lakini homa hii huisha yenyewe siku ya tatu, kwa hiyo hata maji matupu yataonekana yameponya. Tusipime dawa yoyote kwa siku hizo tatu.

Si kila homa ni ya papasi. Malaria iko, tifoidi iko, na mtu anaweza kuwa na mbili kwa pamoja. TDR ikionyesha malaria, itibiwe. Na mtoto akishikwa na degedege, akikataa kunyonya, akilegea, au mtu akitoka damu, usiandike kaye kwanza: kimbia hospitali.

Kazi ya nyumbani

Ziba nyufa za kuta na sakafu kwa udongo mzuri au simenti. Inua kitanda, kisogeze mbali na ukuta, na chomeka chandarua chenye dawa chini ya godoro au mkeka. Anika mikeka juani na kuikung'uta. Papasi husafiri ndani ya mikeka na mizigo. Kuku na mbuzi walale nje ya chumba cha watu. Ukimwona papasi, usimponde kwa vidole wala kucha, kwa sababu majimaji yake yanaambukiza.

Nyumba moja ikipata mgonjwa wa papasi, waambieni majirani bila aibu. Si uchafu wa mtu wala ulozi. Ni mdudu wa ukutani. Mkutano ujao kila mama aje na kaye yake. Tutaziweka pamoja mezani, tutazame tarehe zinazofanana, na kama zipo tutazipeleka kwa muuguzi mkuu wa kituo.