Wachache Nao Wahesabiwe

Wanafunzi wenzetu, tunataka kuwaeleza namna inchi ya Makedonia ya Kaskazini inaongozwa. Iko Ulaya, katika Balkani, na muji mukubwa ni Skopje. Ilitoka katika Yugoslavia mwaka 1991. Jina la leo ilipata 2019, kisha kupatana na Ugiriki.

Raisi anachaguliwa na raia wote kwa miaka 5, wala hawezi kuchaguliwa zaidi ya mara mbili. Lakini kazi ya kila siku iko mikononi mwa Waziri wa Kwanza. Bunge, Sobranie, liko na wadepite 120 wa miaka 4, nalo linaweza kuangusha serikali.

Sasa tuulize: katika watu wane, karibu mumoja ni Mwalbania. Kama wengi wanashinda kura siku zote, wale wachache watasemea wapi? Mwaka 2001 jambo hilo lilileta vita kati ya askari wa serikali na Waalbania wenye silaha. Tarehe 13 Agosti wakapatana. Ndiyo mapatano ya Ohrid.

Tangu pale, sheria juu ya luga, masomo ao desturi inapigiwa hesabu mbili. Kwanza kura za wadepite wote waliopo, tena kura za wale wa makabila madogo peke yao. Lazima nusu ipitwe pande zote mbili. Kama upande mumoja unakataa, sheria inaanguka.

Basi tunaona: kuwa wengi hakutoshi. Kwanza tupatane namna ya kuhesabu.