Mnunuzi wa Kiwanja, Fungua Macho!

Katika mji wa Bukavu iko biashara moja isiyolala. Vita vije, barabara ikatike, bei ya maharagwe ipande, viwanja na nyumba havikosi kuuzwa na kununuliwa. Mwalimu huweka akiba ya miaka kumi. Mama muuza vitambaa wa Kadutu hungoja zamu yake ya likelemba. Kijana aliye Ulaya hutuma dola zake kwa mjomba. Fedha hizo zote hukimbilia mahali pamoja, nazo ni parseli. Na vijana wasio na kazi hugeuka kuwa makomisioneri, yaani madalali, wakizunguka mjini na picha za nyumba katika simu zao. Yafaa tuseme na hao wote wawili, mnunuzi na dalali, kwa maana mara nyingi huanguka katika shimo moja.

Neno la kwanza ni gumu kwa wengi. Katika nchi ya Kongo hakuna mtu auzaye udongo wenyewe. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa tarehe 18 Julai 1980, imetangaza kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali, wala haiuziki, wala haipotei kwa kupita miaka. Raia wa Kongo aweza kupewa haki ya kuitumia daima. Mgeni, na vilevile kampuni, hupewa kwa muda usiozidi miaka 25, ambao waweza kufanywa upya. Kwa hiyo unaponunua parseli unanunua nyumba iliyosimama juu yake na ile haki iliyoandikwa katika kitabu. Kama haki haikuandikwa mahali po pote, je, umenunua nini?

Kitabu hicho hutunzwa na mwandikishaji wa hati za ardhi, ambaye watu humwita konsevateri. Yeye ndiye atoaye cheti cha kuandikishwa, naye hukifanya mara mbili: kimoja hubaki kitabuni, kingine hupewa mwenye haki. Sheria yasema kwamba haki ya kutumia ardhi husimama kwa cheti hicho peke yake. Karatasi nyingine zina kazi yake, lakini si cheti. Fishi ya parseli iliyotolewa na komuni yaonyesha kwamba mtu fulani alijulikana kukaa mahali fulani. Mapatano ya kuuziana, hata yakiwa na sahihi za mashahidi saba na mhuri wa shefu wa avenyu, yaonyesha kwamba mlipatana. Watu wengi wa Kadutu na Bagira wameishi miaka mingi kwa karatasi hizo tu, na hakuna aliyewafukuza. Lakini siku mtu mwingine atakapotokea mbele ya hakimu na cheti mkononi, mwenye fishi atakuwa na kazi ngumu sana.

Basi usitosheke na nakala unayoonyeshwa chini ya mwembe. Chukua namba ya cheti, uende mwenyewe ofisini, uombe kutazamiwa kitabu: jina ni la nani, parseli imewekwa rehani benki, au kuna kesi juu yake? Kisha mwite mpimaji wa kadastri mfike mahali penyewe, mtafute mawe ya mpaka, na majirani wawepo. Jirani ni kitabu cha pili. Yeye ajua kama ukuta ulisogezwa usiku, na kama parseli ile ile imekwisha kuuzwa kwa watu wawili. Gharama ya safari hizo ni ndogo ukiilinganisha na akiba ya miaka kumi.

Na mkimaliza kulipana, kazi haijaisha. Cheti cha muuzaji lazima kifutwe, kitolewe kipya kwa jina lako. Wako wanunuzi waliolala usingizi kwa sababu wana cheti nyumbani, kumbe jina lililomo ni la yule mzee aliyewauzia, naye amekwisha kufa na watoto wake wamekuwa watu wazima! Tena jueni jambo hili: miaka miwili ikipita tangu cheti kutolewa, hakishambuliwi tena kwa urahisi, aliyeonewa aweza kudai fidia tu. Sheria hiyo ni ngao kwa mnunuzi mwangalifu, na ni upanga kwa yule aliyechelewa kwenda kulalamika.

Sasa tuingie ndani ya nyumba yenyewe, maana kesi nyingi huzaliwa sebuleni. Tuseme mtu amekufa akaacha mke na watoto watano. Mdogo wake anakuja na funguo, anasema, «Papa, mimi ndiye mkubwa wa jamaa sasa, nunua bila wasiwasi.» Usinunue. Kwa Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, warithi wa kwanza ni watoto wa marehemu, na mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokaa na mumewe. Vilevile mume aliye hai hawezi kuuza peke yake nyumba ya jamaa; mapatano ya wote wawili yatakiwa. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili huomba kuonana na Mama. Akiambiwa kwamba Mama amesafiri, na angoje arudi. Akiambiwa kwamba mambo ya ardhi si mambo ya wanawake, na arudishe fedha mfukoni, aage kwa heshima.

Pembeni mwa mji kuna mambo mengine. Bukavu umevuka mipaka yake ya zamani. Wakati ulipoitwa Costermansville, Wazungu walijijengea juu ya rasi za ziwa, na wenyeji wakawekewa Kadutu, halafu Bagira, iliyojengwa na Office des Cités Africaines katika miaka ya 1950. Leo nyumba zimejaa Panzi na Kasha, tena zimefuata barabara ya Kavumu hata Mudaka na Miti, katika nchi ya Mwami wa Kabare. Huko muuzaji atakuambia, «Shamba hili ni la baba yangu.» Labda ni kweli. Muulize tu baba alilipata kwa njia gani. Katika desturi ya Bashi, mtu aliyetoa kalinzi, kwa kawaida ng'ombe, mbele ya mkubwa wa ardhi na mashahidi, alipata shamba lake na la uzao wake. Lakini aliyepewa bwasa alikopeshwa shamba kwa msimu tu, alime maharagwe au mihogo, wala hakuruhusiwa kupanda migomba, kwa sababu mgomba hudumu na mwenye kuupanda huanza kujiona mwenye nchi. Mwana wa mtu wa bwasa akikuuzia, amekuuzia kitu ambacho baba yake hakuwa nacho.

Sheria ya 1973 iliziingiza ardhi hizo za desturi katika mali ya Serikali, ikaahidi amri ya Rais ya kupanga haki za watu wanaozikalia. Makumi ya miaka yalipita, na amri hiyo haikutoka. Ndiyo maana mnunuzi wa huko hutembea kwa miguu miwili: huzungumza na mkubwa wa desturi na wazee wa kijiji, na pia huendesha mambo yake ofisini. Akisahau mguu mmoja atachechemea.

Baada ya karatasi na watu, itazame ardhi yenyewe. Mji wetu umekaa juu ya vilima vya mawe ya volkano yaliyooza yakawa udongo wa mfinyanzi, nao ukinywa maji huteleza. Huko Funu, katika Kadutu, mlima mzima hutembea polepole pamoja na nyumba zilizo juu yake. Wataalamu wa Ubelgiji na wenzao wa Bukavu walilinganisha picha zilizopigwa toka angani kwa muda wa miaka 70 hivi, na mwaka 2022 wakatangaza kwamba mwendo uliongezeka mahali watu walipojenga kwa wingi. Na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliwakumbusha wote jinsi ukuta wa matofali usio na nguzo ulivyo dhaifu.

Kwa hiyo nenda ukaione parseli wakati wa mvua kubwa, si katika Julai wakati kila mtelemko ni mzuri. Angalia nyufa za nyumba za jirani: zikiwa mbichi, na zikielekea upande mmoja, ondoka. Angalia miti iliyoinama, ngazi zilizoachana na ukuta, na bomba lililoungwa mara tatu. Uliza maji ya paa la juu yanapita wapi. Bei ya parseli za namna hiyo huwa ndogo, na sababu yake hukuandikiwa katika tangazo la dalali.

Wewe komisioneri, kazi yako si ya aibu. Mji mkubwa wahitaji watu wanaojua nani anauza na nani anatafuta. Lakini usionyeshe nyumba ambayo mwenyewe hujapata kuonana naye. Ujira wako uandikwe kabla ya safari ya kwanza, wala usile huku na huku kwa siri. Ukiona ufa, useme; mteja uliyemwambia kweli akakosa kununua leo atamleta shemeji yake kesho. Na fedha zisipite mikononi mwako: zihesabiwe mezani kwa muuzaji, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, tena noti za dola zikaguliwe moja moja, kwa sababu katika Kongo noti yenye tundu la sindano hukataliwa kana kwamba ni jani la mti.

Anayenunua ili apangishe, asiifanye garanti ya mpangaji kuwa mtaji wake. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka mwisho wake kuwa miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa, na fedha hiyo ni ya kurudishwa.

Limebaki jambo la nyakati hizi. Wazee wanakumbuka mwaka 1996, wanakumbuka 1998 na Juni 2004. Tarehe 16 Februari 2025 mji uliingia mikononi mwa AFC/M23. Mabwana wawili wanapogombania nchi moja, mhuri uliopigwa na mmoja waweza kukataliwa na mwingine, na wauzaji wanaokimbia huuza kwa haraka na kwa bei ya chini. Kwa maoni yetu, asiye na haja kubwa na angoje. Aliye na parseli tayari asimpe mtu ye yote cheti chake cha asili «kukitazama tu». Akitolee nakala tatu: moja akae nayo, moja kwa ndugu aliye mbali na Bukavu, na ya tatu ipigwe picha na kutumwa kwa mtoto mmojawapo, pamoja na majina ya majirani wa pande zote nne.