Utulivu wa Ufukwe Una Wenyewe

Desemba inapokaribia, shule hufungwa, na mabasi yatokayo Dar es Salaam, Arusha na Mwanza huanza kuteremsha jamaa zetu pale Bunda na Musoma. Anakuja kaka na watoto wake watano, anakuja shangazi na wajukuu, anakuja shemeji ambaye hajapata kuliona ziwa maishani mwake. Haipiti wiki moja, nyumba ya watu 8 imekuwa nyumba ya watu 30. Ndipo huzuka swali linalowasumbua wakuu wa koo zetu kila mwaka: watu wote hawa, kuanzia bibi wa miaka 80 hadi mtoto wa kunyonya, tuwapeleke wapi wakapumzike pamoja?

Wengi hukimbilia Matvilla, pale Musoma mjini. Hatuubezi ufukwe huo. Una mawe ya kupendeza, upepo wake ni mwanana, na hauko mbali na mji. Lakini siku za Krismasi na Idi mji mzima huhamia huko, na mzee aliyekwenda kuzungumza na wajukuu zake hurudi nyumbani bila kusikia hata neno moja walilomwambia. Wengine huota kwenda Nungwi, kule Unguja. Nungwi ni pazuri, hakuna abishaye. Hata hivyo, nauli ya watu 30 kutoka Mara hadi Unguja, kwenda na kurudi, itamfanya baba wa familia auze ng'ombe ambao mwakani angewahitaji kwa ada za shule.

Maoni yetu ni kwamba jibu liko karibu nasi. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake imo Tanzania. Tunazo fukwe za Majita. Tunacho kisiwa cha Lukuba, mbele ya Musoma. Kwa wale wa Bunda, iko njia ya Kisorya, ambako kivuko huvusha watu na magari hadi Rugezi katika kisiwa cha Ukerewe. Huko mchanga upo, samaki wapo, na sauti kubwa kuliko zote ni ya ndege na ya maji.

Lakini kuchagua ufukwe wenye utulivu si kazi ya kubahatisha, na hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja tuliongoza jamaa zetu hadi kwenye ufukwe mmoja mweupe, usio na mtu hata mmoja. Tukafurahi, tukadhani tumepata tunu. Watoto walikwisha vua mashati yao wakielekea majini, ndipo akatokea mama mmoja mzee akiwa na ndoo kichwani. Tukamwamkia, “Shikamoo, mama.” Akaitikia, kisha akatuuliza kwa upole, “Wanangu, mmekwisha uliza kwa nini hapa hapana watu?” Hatukuwa tumeuliza. Akanyoosha kidole kwenye matete, hatua chache kutoka pale walipokuwa watoto, akatuambia kwamba mamba hulala pale na ndiyo maana kijiji kizima huteka maji upande wa pili. Tuliwaita watoto huku sauti zikitutetemeka. Tangu siku hiyo tumejifunza kwamba utulivu wa ufukwe una sababu yake, na una wenyewe wanaoijua sababu hiyo. Kuuliza si ujinga.

Kwa hiyo, jambo la kwanza ambalo familia inapaswa kufanya ni kutuma watu wawili watangulie. Wafike kwa mwenyekiti wa kijiji, waonane na kikundi cha kusimamia uvuvi katika mwalo, waulize habari za mamba na viboko, wakague vyoo na maji ya kunywa. Familia ya watu 30 isiyo na choo ni balaa kwa wenyeji, na balaa hilo huwarudia wageni wenyewe pindi waingiapo majini kuoga.

Jambo la pili ni kichocho. Ugonjwa huu umeenea katika mwambao wa ziwa letu na visiwa vyake. Vijidudu vyake hukua ndani ya konokono wa majini, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu bila yeye kusikia maumivu. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, na vijidudu hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, tangu kama saa tano hadi saa tisa mchana. Basi mahali penye mchanga mtupu na mawimbi ni afadhali kuliko ghuba yenye majani, ingawa hapana sehemu ya mwambao tunayoweza kuithibitisha kuwa salama kabisa. Arejeaye kutoka likizo na aende zahanati akapimwe. Dawa ipo, nayo ni praziquantel, na hakuna aibu katika kupimwa.

Jambo la tatu ni safari ya majini. Hapa hatuna mzaha. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya ndugu zetu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu wapatao 100, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Watu 228 walifariki, wakiwa wanaiona nchi kavu kwa macho yao. Baba anayelazimisha ukoo wake wote uingie katika mtumbwi mmoja ili kuokoa nauli ya safari ya pili ajue kwamba anaweka rehani jina la ukoo huo. Vukeni asubuhi, kabla upepo haujainuka. Kila mtu, hata mtoto, avae jaketi okozi. Asipokuwa nalo, asipande.

Sasa tuwageukie ndugu zetu wa visiwani. Tunajua kwamba mchanga ambao mgeni huuona kuwa mahali pa kupumzikia, kwenu ni mahali pa kazi. Hapo ndipo mnapoanika dagaa. Mgeni anayetandika mkeka wake katikati ya dagaa, kisha akalalamikia harufu, hana adabu. Lakini mwezi wenyewe umekwisha kutupatanisha. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa wavuvi wengi hupumzika, na michanga mingi hubaki wazi. Sisi tuliosoma chuoni tukiwa watoto tulifundishwa kuhesabu siku za mwezi mwandamo, na hesabu hiyo ingali na faida. Familia ipange kufika visiwani kati ya mwezi 12 na 16. Itaukuta mchanga mtupu, itawakuta wenyeji wana nafasi ya kuzungumza, na usiku wazee watakaa nje bila kuhitaji taa. Utulivu wa namna hiyo hauuzwi katika hoteli yoyote.

Tunawaomba pia wenyeji wasimtazame mgeni kama mfuko wa fedha uliofunguka. Bei ya sato iwe ile ile wanayouziana wao kwa wao. Na mgeni naye asibebe kila kitu kutoka mjini, hata chumvi. Mchele, kuku, samaki, kuni na nauli ya boti avinunue hapo hapo, ili likizo yake iache chochote katika nyumba za wale waliompisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wala tusisahau Butiama. Butiama haina ufukwe wa kuchezea, lakini safari ya ukoo kati ya Bunda na Musoma isiyopita huko ina upungufu. Hapo alizaliwa Mwalimu Julius Nyerere tarehe 13 Aprili 1922, na hapo alizikwa Oktoba 1999. Siku mvua inaponyesha na ziwa limechafuka, wapelekeni watoto katika makumbusho yake, wayaone makaburi ya wazee wake na vilima alivyokuwa akichungia mifugo utotoni. Kiongozi huyo, aliyekuwa na uwezo wa kupumzika popote duniani, alichagua kurudi kijijini kwao, akalima. Hilo ni somo la likizo.

Mwisho, tunawaelekea watumishi wa Serikali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hata hivyo, kila mwaka kunasikika habari za ukuta mpya au uzio mpya ulioshuka hadi majini. Ufukwe ukizungushiwa uzio, mwenye fedha atapata utulivu, naye mvuvi atapoteza mwalo, na familia ya kawaida itarudi kusongamana mahali pale pale pamoja. Tunauliza: ofisi zinazohusika zinangoja nini? Hatuombi makubwa. Halmashauri zetu zitenge fukwe chache za umma, kila moja iwe na choo, maji safi, na kibao kinachosema wazi kama kuna mamba au kichocho. Wakaguzi wa vyombo vya majini wawe milangoni mwa mialo wiki ya Krismasi, wasiwe ofisini wakiandika taarifa za mwezi uliopita.

Mama yule mwenye ndoo hakuwa mtumishi wa ofisi yoyote, wala hakulipwa mshahara. Alituuliza swali moja tu, na watoto wetu wote wakarudi nyumbani wazima. Ikiwa mwananchi mmoja aliweza kuwalinda wageni asiowajua, basi wenye dhamana, wenye magari na bajeti, hawana udhuru. Na sisi wakuu wa koo, kabla ya kufungasha mizigo yetu Desemba hii, tuanze kwa kuuliza.