Waziri na Kalamu ya Mauti

Kuna kisa kimoja kilichonikaa moyoni, nami naona si vyema kukiweka peke yangu. Ni kisa cha Bwana Sugiura Seiken wa Japani, aliyepanda ngazi ya maisha polepole, na alipofika juu akakuta mtihani mzito.

Bwana huyu alizaliwa mwaka wa 1934. Alisomea uchumi katika Chuo Kikuu cha Tokyo, akaajiriwa na kampuni ya chuma, kisha akaiacha, akashika sheria na kuwa wakili. Mwaka wa 1986 alichaguliwa kuingia Bungeni. Tarehe 31 Oktoba, 2005, Waziri Mkuu Koizumi Junichiro alimteua kuwa Waziri wa Sheria.

Huko Japani, mtu aliyehukumiwa kifo hanyongwi mpaka Waziri wa Sheria atoe amri. Sheria yasema amri itolewe katika miezi sita tangu hukumu kuwa ya mwisho, ijapokuwa aghalabu hupita miaka. Basi Bwana Sugiura alipoulizwa na waandishi wa habari, alijibu kwamba hatatia sahihi, kwani moyo wake na dini yake, ambayo ni ya Kibuddha, havimruhusu. Saa moja hivi baadaye aliyarudi maneno yake, akasema yale ni mawazo yake mwenyewe, wala hayahusu wajibu wa waziri.

Nilipowasimulia wenzangu barazani, kijana mmoja alicheka, akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki!" Lakini mzee wetu mmoja hakucheka. "Na wale waliouliwa jamaa zao," aliuliza, "haki yao i wapi? Kama kazi haiwezi, angeikataa mapema, kama Imamu Abu Hanifa alivyoukataa ukadhi wa Khalifa al-Mansur, hata akatiwa gerezani."

Neno la mzee lilinichoma, kwa kuwa ni la haki. Hata hivyo nikamwambia, "Mzee wangu, tutazame na vitendo." Maana Bwana Sugiura alikaa katika kiti kile mpaka Septemba, 2006, na muda wote huo hakunyongwa mtu hata mmoja. Tarehe 25 Disemba mwaka huo huo, chini ya waziri aliyemfuata, watu wanne walinyongwa kwa siku moja. Sheria haikubadilika, kilichobadilika ni mkono ulioshika kalamu.

Mimi naona hivi. Wakili humsemea mwenziwe, na kesi ikiisha hufunga jalada akaenda zake. Waziri hana wa kumsemea. Sahihi yake ni yake, na ataulizwa yeye. Bwana Sugiura aliurudisha ulimi wake, lakini mkono hakuunyosha.

Mzee hakukubali. Tuliagana magharibi ikiadhiniwa, na yeye angali akitikisa kichwa. Nawe, ndugu msomaji, ungekuwa wewe, ungekiacha kiti au ungeiacha kalamu?