"Alikuwa" ya Kiingereza si "alikuwa" yetu

QURAYYAT, Muscat – Tuseme mama amelazwa hospitalini hapa Qurayyat. Daktari mgeni anamwambia mwanawe kwa Kiingereza: "She is stable." Yaani hali yake imetulia. Kijana anawaandikia ndugu zake waliokulia London: "The doctor said she was stable." Mkubwa wao anampigia simu mama mdogo Unguja, anafasiri neno kwa neno: "Daktari alisema hali yake ilikuwa imetulia."

Ilikuwa? Kwani sasa yukoje? Majirani wanaanza kujaa uani.

Hakuna aliyesema uongo. Kilichowaponza ni kanuni ya usemi wa taarifa, ambayo wengi wetu tuliipita mbio darasani.

Katika mazungumzo yetu ya Kiswahili, tukipeleka maneno ya mtu, wakati wa kitenzi chake kwa kawaida hatuugusi. Amesema "Ninaumwa"; kesho yake tunasema "Alisema anaumwa." Mwingereza hukirudisha kitenzi nyuma hatua moja: "I am ill" inakuwa "She said she was ill." "Have" huwa "had", "will" huwa "would", "can" huwa "could". Ile "was" haina maana kwamba maradhi yamekwisha. Inaifuata "said" tu.

Mengine tunafanana. Juni 26, 2018, Qurayyat iliingia katika rekodi za dunia: kwa saa 24 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Aliyepiga simu usiku ule akasema "It is hot here tonight", leo tunaeleza: "She said it was hot there that night." "Hapa" imekuwa "huko", "usiku huu" umekuwa "usiku ule", kama tufanyavyo sisi.

Tena Kiingereza kina ruhusa yake. Jambo likiwa bado ni kweli, waweza kuliacha lilivyo: "The doctor said she is stable." Kwa khabari ya mgonjwa, hiyo haimtii mtu wasiwasi, mradi hali haijabadilika.

Basi ndugu msomaji, kabla hujafasiri, jiulize: mwenyewe alitamka vipi? Daktari alitamka "is". Mama mdogo alistahiki kuambiwa: "Daktari alisema hali yake imetulia."

Neno la mtu ni amana. Lifikishe na wakati wake.